Pua ya Mke Wangu

Nilimchukia yule mzee kwa miezi mitatu kabla hatujasemezana hata neno moja.

Nilikuwa nakata majani katika klabu ya gofu, kazi niliyoipata nilipokuja Nairobi kutoka upande wa ziwa, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Asubuhi nilitoka mtaa wetu wa Mashimoni kwa miguu, nikapita kituo cha Olympic, na kufikia saa moja nilikuwa nimeshawasha mashine. Mke wangu alifanya kazi hapo hapo, ila yeye alikuwa ndani, kwa dobi, akifua na kukunja vitambaa vya meza. Alizaliwa Kawangware. Mamake, Mluhya mwenye mikono minene na maneno machache, alikuwa akipika busaa, na tangu mke wangu akiwa msichana mdogo alikuwa na kazi moja pale kwao: kuinama juu ya mtungi, kunusa, na kusema kama pombe imeiva au bado. Nilisikia hakuwahi kukosea. Nilidhani ni hadithi tu za wakwe.

Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi klabu ilikuwa na gofu ya kirafiki. Wanachama walikuja na wake zao na wageni wao, hata wasiojua kushika fimbo, wakacheza wawili wawili mashimo tisa huku wakichekana mipira ikipotelea mitini. Jua likianza kushuka walikaa verandani kuonja mvinyo. Aliyewaongoza alikuwa mpima ardhi mstaafu, mjane, mtu aliyesoma ng'ambo ujanani. Alivaa soksi ndefu hadi magotini. Akisema mvinyo huu una harufu fulani, watu wazima wenye magari waliinamisha vichwa na kuandika kwenye vijikaratasi kama watoto wa shule.

Mwezi mmoja mhudumu wa verandani aliugua, mke wangu akaitwa kushika trei. Mwezi uliofuata mhudumu alikuwa amepona, lakini mzee akaomba aletwe yule mama wa dobi. Mwezi wa tatu vilevile.

Shimo la tisa lilikuwa mbele ya veranda, na kando yake kulikuwa na bonde dogo la mchanga ambalo ilikuwa kazi yangu kulisawazisha kwa reki wachezaji wakishapita. Ijumaa hizo niliusawazisha mchanga ule mara nne, mara tano. Macho yalikuwa kwingine. Niliona mke wangu akimimina, akiinua glasi karibu na uso wake kidogo tu, kisha akiinama na kumnong'oneza mzee sikioni. Mzee akatabasamu, akamgusa kiwiko, ndipo akasimama kuwahutubia wageni. Chupa ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. Mimi hakuwahi kuninong'oneza hivyo, hata wakati wa kuchumbiana.

"Niaje, shemeji wa wakubwa?" aliniuliza mwenzangu aliyekuwa akinoa visu vya mashine. "Bibi yako siku hizi ni wa veranda. Wewe bado ni wa mchanga."

Nilicheka naye. Kisha nikaenda nyuma ya banda la mashine nikasimama huko peke yangu.

Nyumbani alikuwa amebadilika. Au labda mimi ndiye niliyeanza kumtazama. Alinusa kila kitu. Angesema unga huu ulikaa karibu na sabuni dukani, na ukinusa vizuri kweli ulikuwa na sabuni. Jioni moja, akikoroga ugali, alisema, "Leo kulikuwa na mvinyo mmoja mwekundu, unanuka kama udongo ukinyeshewa mara ya kwanza. Nilitamani uunuse."

"Na huyo mzee ananuka aje?" nikamuuliza.

Aliacha kukoroga. "Unasema nini?"

"Nauliza tu. Si wewe ndiye uko karibu naye?"

"Hiyo ni kazi, baba watoto."

"Kazi gani ya kunong'onezana? Mnaambiana nini?"

Alichelewa kujibu, na kule kuchelewa ndiko kulikonichoma. "Siwezi kukuambia," alisema. "Nilimuahidi."

Mwanamume akiambiwa hivyo na mke wake, kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi ambacho hata kikohozi cha jirani ni chako, anabaki na nini? Sikulala naye kitanda kimoja wiki hiyo. Nililala sakafuni na mtoto wetu wa kike, aliyekuwa na miaka minne, nikajiona nimeonewa.

Ijumaa ya mwezi wa nne ilipofika nilifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona aibu. Alikuwa na blauzi nyeupe ya verandani, aliyoinunua mitumba soko la Toi na kuirekebisha mwenyewe kola. Asubuhi, alipokwenda kuchota maji, niliichukua pasi ya makaa, nikaiweka juu ya kifua cha blauzi, nikaiacha. Niliangalia kitambaa kikigeuka rangi ya chai, kisha kahawa. Niliposikia ndoo mlangoni niliinyanyua.

"Nilitaka kukusaidia," nilisema.

Aliitazama blauzi, akanitazama mimi. Tangu tuoane sikuwahi kumpigia nguo pasi hata siku moja, na wote wawili tulijua hivyo. Alikunja nguo za mtoto ndani ya shuka, akamfunga mtoto mgongoni ingawa alikuwa ameshakua mkubwa wa kubebwa, akatoka kuelekea Kawangware kwa dadake. Kazini siku hiyo hakufika.

Jioni niliingia mchangani nikiwa na furaha mbaya. Verandani alikuwa yule mhudumu wa zamani. Alimimina, akarudi nyuma. Mzee aligeuza kichwa kushoto, kulia, kama mtu anayetafuta mlango kwenye giza, kisha akasimama na glasi yake. Alisema maneno marefu kuhusu zabibu mbivu na maua. Wageni wakanusa, wakatazamana. Mama mmoja mwenye kofia pana alisema kwa sauti, "Lakini mzee, hii si imeharibika? Inanuka gunia lililolala kwa mvua."

Wakacheka, mwanzoni kwa adabu, baadaye bila adabu. Mimi nami nilicheka, huko chini, nikiegemea reki yangu.

Mzee aliweka glasi, akateremka ngazi peke yake, akaja kuketi kwenye benchi la shimo la tisa, hatua tano kutoka nilipokuwa. Karibu hivyo alionekana mzee kweli, soksi moja imemshuka.

"Kijana," alisema, "yule mama wa dobi, unajua ana shida gani leo?"

Nilisema sijui.

"Mimi pua yangu ilikufa miaka miwili iliyopita. Niliugua homa, nikapona, harufu haikurudi. Hata chakula changu sasa ni kama kula karatasi. Sikumwambia mtu, maana hii veranda ndiyo kitu pekee nilichobaki nacho baada ya mke wangu. Yule mama alijua siku ya kwanza. Aliniona nikisifu chupa mbovu, akaniambia polepole nisiaibike. Tangu hapo yeye ndiye pua yangu. Ukimwona, mwambie simlaumu."

Ningeweza kumwambia palepale kwamba mimi ndiye mumewe. Niliendelea kuvuta reki.

Jumamosi nilikata Ngong Road, nikatembea mpaka Kawangware. Dadake alisimama mlangoni, hakunikaribisha. "Umeleta pasi?" aliniuliza.

Mke wangu alitoka akakaa kwenye kigoda nje. Nilimweleza yote niliyoyaona na kuyasikia, hata kicheko changu. Alilia, lakini si kwa ajili yangu. Alimlilia yule mzee, kwa kuchekwa mbele za watu, na mimi, hapo nikiomba msamaha, nilihisi wivu ukinipanda tena.

"Ulimwambia ni wewe uliyechoma nguo?"

"Hapana."

"Basi nenda umwambie. Ukishamwambia, nitarudi."

Ilinichukua wiki mbili. Nilimpata siku ya kazi, anacheza peke yake, nikavua kofia nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Una bahati," alisema, "mimi sina tena wa kumwonea wivu." Kisha akapiga mpira wake, ukaenda vibaya, akaufuata.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi iliyofuata mke wangu alirudi verandani na blauzi mpya. Mzee alisimama akawaambia wageni ukweli wote, kisha akamtaka mke wangu aseme mwenyewe kilichomo kwenye glasi. Alisema kwa Kiswahili, sauti ndogo: hii ni tini, hii ni ngozi ya viatu vipya, hii msiinywe. Waliandika. Aliendelea hivyo miaka kadhaa, mpaka wanachama wale walipozeeka na jioni zile zikakoma zenyewe. Mzee alikuwa ameshafariki kabla ya hapo, na mke wangu alikwenda mazishini bila mimi. Sikualikwa, na sikuomba kualikwa.

Watu hudhani wivu wangu uliishia pale kwenye benchi. Ulihama tu. Nilianza kuionea wivu ile pua yenyewe, kwa kuwa ilimpeleka mahali ambapo mimi sikuweza kumfuata. Nilipokuwa peke yangu nilinusa majani ya chai, nikanusa petroli ya mashine, nikanusa mikono yangu. Petroli ilikuwa petroli.

Jumapili moja aliniletea mvinyo kidogo uliobaki chupani verandani. Tulikuwa tumeketi mlangoni, mtoto anacheza na wenzake. Nilinusa, nikanywa, nikasikia ukali tu ulimini.

"Unasikia nini?" aliniuliza.

"Maembe," nilisema.

Alinitazama kwa muda, akachukua kikombe mkononi mwangu, akamaliza kilichobaki. "Sawa," alisema.