Supu ya Ayi wa Mlango wa Pili

Wiki iliyopita, katika mji ambao sikukusudia kukaa hata mwezi, nilimenya chungwa nikalisahau ganda dirishani penye jua. Jioni nilipolishika lilikuwa limekauka, na harufu yake ikanirudisha mbali. Ghafla nikawa tena na miaka kumi na sita, nimebeba bakuli la supu kwenye ngazi za Guangzhou, kule China, napanda polepole isimwagike.

Ngoja nianzie safarini, maana hata safari ilikuwa na vituko vyake. Tulitoka Mombasa kwa basi hadi Nairobi, tukaruka hadi Dubai, tukasubiri saa tisa tumekaa sakafuni, tukashuka Hong Kong na kumalizia kwa treni. Baba alikuwa ametangulia miaka miwili, akifanya kazi kwa wakala wa mizigo kule Guangzhou, mtaa wa Xiaobei. Mama alikuwa amefunga mbuzi ya kukunia nazi ndani ya kanga. Mpakani afisa akaifungua, akayatazama yale meno ya chuma, akaniuliza kwa mikono hii ni silaha gani. Mama akaichukua. Aliiweka chini, akaikalia, akaanza kukuna nazi isiyokuwepo. Foleni nzima ilicheka, na afisa akatupisha.

Kicheko hicho kilimtosha Mama kwa muda mrefu, maana baada ya hapo alinyamaza. Alizoea mtaa ambao ukikaanga kitunguu tu jirani anauliza leo mnapika nini. Sasa yuko ghorofa ya tano, nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, milango yote ina geti la chuma. Alimwambia Baba waziwazi kwamba atajaribu mpaka Idd ya kuchinja, miezi mitatu hivi. Moyo usipotulia, atarudi nyumbani na mimi nitarudi naye.

Mimi sikutaka kurudi. Nilikuwa nimeshaupenda ule mji, na mianzi yake iliyofungwa kuzunguka majengo mapya kila kona, utepe wa kufungia maboksi ukilia tangu asubuhi, wafanyabiashara wakiburuta marobota ya nguo kutoka soko la Shahe na kubishana bei kwa vikokotoo. Kila siku kulifunguka duka ambalo jana halikuwepo. Nikawa naihesabu miezi ile mitatu kama mfungwa anayehesabu siku, ila mimi nilihesabu kinyume.

Mlango wa pili aliishi mama mmoja mtu mzima, mjane, nywele fupi, miguuni slipa za plastiki. Nilimwita Ayi, yaani shangazi, kama watoto wa kule wanavyowaita wanawake wa rika la mama zao. Siku moja adhuhuri alimkuta Mama kwenye ushoroba akamsalimia, "Umeshakula?" Hiyo kule ni salamu tu, kama sisi na hujambo, na jibu lake ni kwamba umeshakula. Mimi, mkalimani wa Kichina cha kuokota ofisini kwa Baba, nilikuwa sijalijua hilo. Nilimfasiria Mama neno kwa neno, na Mama, ambaye kweli alikuwa hajala, akajibu bado.

Ayi alishtuka. Nusu saa baadaye aligonga, ameshika bakuli la supu ya mizizi ya yungiyungi iliyochemka tangu alfajiri. Nikamwuliza nyama gani. Akajigusa mbavu, akakoroma kama nguruwe, akacheka na kurudi kwake.

Nilipomweleza Mama, aliliangalia lile bakuli. Kisha akasema, "Mtu wa kwanza kubisha mlango wangu, nimwambie chakula chake sikitaki?" Akaniagiza niipeleke ghorofa ya sita kwa mwanafunzi mmoja Mkongo, Mkristo, aliyekuwa amekonda kwa kuishi na tambi za paketi. Bakuli likaoshwa. Na kwa kuwa kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, Mama alilijaza mahamri.

Ubaya ni kwamba na kwao chombo hakirudi kitupu. Siku ya tatu bakuli lilirudi na supu nyingine ya nguruwe, nayo ikapanda ghorofa ya sita kama ya kwanza. Tukarudisha chapati. Ikaja supu ya boga. Tukarudisha samaki wa kupaka.

Hapo ndipo milango ilipofunguka. Ayi aliingia jikoni kwetu kuuliza ile nazi imefanywaje, na Mama akamkalisha kwenye mbuzi. Naye Ayi alimfundisha kupika samaki kwa mvuke, tangawizi juu na majani ya kitunguu, mafuta ya moto yanamwagwa mwishoni yakilia. Mama aliniambia nisimfasirie kwamba samaki wa namna hiyo kwetu hupewa mgonjwa. Ayi, alipomwona Mama anakaanga changu mpaka akakauka, aliniuliza samaki yule amemkosea nini mamako. Walibishana siku nzima, kila mmoja kwa lugha yake, nami nikifasiri yale ya amani tu. Jambo moja walikubaliana bila mkalimani, kwamba utamu wa wali uko kwenye ukoko. Ayi aliupika katika chungu chetu cha udongo, kisha waliukwangua pamoja wakigombania kijiko kimoja.

Mama alianza kuimba akioga. Baba alinikonyeza.

Lakini Ayi alizoea kuniuliza kama Mama ameipenda supu. Nikajibu kwamba ameimaliza yote. Mara nyingine nikaongeza kuwa amelamba kijiko. Mama alisema tumwambie ukweli, mimi nikamwomba angoje, maana Idd ilikuwa imebaki wiki mbili tu.

Aliyetufichua ni Mkongo. Alikuwa amenenepa na mwenye shukrani. Alimkuta Ayi ngazini, akampokea mfuko wa mboga, akamshukuru kwa supu zote, moja moja, akasisitiza kuwa ile ya yungiyungi haina mfano.

Geti la Ayi likafungwa. Siku tatu hakuna salamu, hakuna harufu ya tangawizi. Siku ya nne Mama alivuta sanduku kutoka uvunguni. Alikuwa anaangalia tu kama zipu bado inafunga. Nikatoka nikaenda kugonga mlango wa pili.

Nilimweleza Ayi yote, kwamba dini yetu hairuhusu nguruwe, kwamba Mama aliona aibu kumkatalia, na kwamba uongo wa kijiko ulikuwa wangu peke yangu. Alinisikiliza mikono kiunoni. Akauliza kitu kimoja: kwa hiyo wiki zote hizo mamako hajanywa supu kabisa? Nikasema kabisa. Akajipiga paja.

"Mtoto mjinga wewe," akasema. "Nguruwe si neno. Neno ni kwamba mdogo wangu amekaa wiki tano bila supu, na mimi nipo hapa."

Asubuhi yake alinunua chungu kipya, akanishika mkono nimpeleke Xiaobei kwa mchinjaji Mwislamu. Njia nzima aliniuliza kuhusu mafuta, kisu na divai ya kupikia, kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Alipika kuku kwa tende nyekundu na ganda la chungwa lililokaushwa. Mama alikunywa kijiko cha kwanza, tukamtazama sote.

"Mwambie ni tamu," Mama akaniambia. "Lakini inataka ndimu."

Nilifasiri yote mawili. Ayi alipiga kelele kama ametukanwa, kisha akaonja na ndimu, akaongeza nyingine.

Ilipofika Idd, Baba aliuliza kwa woga kama akate tikiti. Mama alimjibu kwamba ana chungu motoni, na mambo ya tikiti yangoje.

Yakangoja miaka minne. Kisha wakaja watu na rangi nyekundu wakaandika ukutani neno la kubomoa. Mkongo alishamaliza masomo. Ayi alihamia kwa binti yake, upande wa mji wenye lifti na mageti mawili. Baba akaamua nasi turudi nyumbani. Leo pale pana jengo la vioo, na wanaopita chini yake hawawezi kujua kwamba hewani, usawa wa ghorofa ya tano, wanawake wawili waligombania ukoko. Mama naye ametangulia mbele ya haki. Nami sijakaa popote miaka minne tena.

Siku ile ya kuondoka Ayi alipanda basi mbili kuja kutuaga. Teksi ilikuwa imejaa, mbuzi ya nazi miguuni pangu. Hakulia. Aliinama dirishani akamuuliza Mama ile salamu yake ya kila siku, kama ameshakula.

Miaka yote minne Mama alikuwa akiijibu inavyostahili, kwamba ameshakula, na asubuhi hiyo tumboni alikuwa na bakuli mbili za uji. Alimshika Ayi kiganja, akamjibu mwenyewe kwa Kichina, bila kunitazama mimi.

"Bado."