Valvu Namba Arobaini na Moja Iko Wazi

Katika kinu kile cha nyuklia hatari zilikuwa na siku yao rasmi: Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Siku hiyo kila mfanyakazi, atake asitake, alikabidhi kadi ya "nusura", aeleze jambo lililokaribia kumdhuru. Asiyekuwa na nusura alionekana mvivu, kwa hiyo watu walizitunga. Huyu nusura ateleze kwenye chai iliyomwagika. Yule nusura agonge kichwa kwenye mlango wa kabati. Yuko mmoja aliyenusurika na nyuki pale maegeshoni miezi mitatu mfululizo, na hakuna mkubwa aliyeuliza ni nyuki gani huyo anayefuata kalenda.

Bingwa wa kadi hizo alikuwa Kusakabe Yasuji, mkaguzi katika jengo la pampu, mtu wa miaka hamsini na tisa, ambaye hata ovaroli yake ilipigwa pasi. Alikuwa ameshinda taulo ya zawadi mara saba. Kazi yake ilikuwa kuzipitia valvu sitini na mbili kila asubuhi, kuinyooshea kila moja kidole, kutamka hali yake kwa sauti, "Wazi, sawa!" au "Imefungwa, sawa!", kisha kugonga muhuri wake mwekundu kwenye fomu. Waliobuni utaratibu huo walitaka jicho, kidole na mdomo visaidiane. Kusakabe aliufanya kwa miaka thelathini na moja, kwa madaha kiasi kwamba wageni waliletwa kumtazama. Machi angestaafu, na hati ya kumtaja kuwa mtu asiyewahi kukosea ilikwisha kuandikwa, bado tarehe tu. Mkewe, Fumiyo, alikuwa ameshaiteremsha picha ya mama mkwe ukutani ili kuipisha.

Jumanne moja ya Novemba, taa iliyokuwa juu ya valvu namba arobaini na moja iliungua. Kusakabe akapanda ngazi ya chuma asome namba ya taa ile. Huko juu akajikuta uso kwa uso na valvu aliyoijua kuliko watoto wake, na kibao chake cha hali kilisema IMEFUNGWA.

Valvu hiyo ni ya kufungwa na kufunguliwa kwa mkono, hata chumba cha kuongozea mitambo hakiioni. Iko kwenye bomba la pampu ya maji ya dharura. Kinu kingepata hitilafu, pampu ingenguruma weee na tone lisifike linakotakiwa. Pampu ya pili ilikuwapo, ni kweli, lakini pampu ya pili huwekwa kwa sababu hakuna mwenye akili anayeiamini moja.

Aliteremka akazipekua fomu. Wakarabati waliifunga siku kumi na tisa nyuma, wakasahau kuifungua. Tangu hapo mihuri kumi na tisa ilikuwa imeapa kwamba iko wazi, na kumi na minne kati yake ilikuwa yake, iliyobaki ya mwenzake wa siku za mapumziko. Akasimama sakafuni pale pale anaposimama kila siku, akatazama juu. Bomba nene lilikiziba kile kibao. Alikuwa akilisalimia bomba.

Mkuu wa kitengo, Tokunaga, alipopigiwa simu alikuja mwenyewe, akaifungua valvu kimyakimya, akamwita Kusakabe ofisini na kufunga mlango.

"Sasa iko wazi?"

"Iko wazi, Mkuu."

"Basi tatizo liko wapi?"

"Ilikuwa imefungwa siku kumi na tisa. Kanuni zinasema tuwaarifu wakaguzi wa serikali."

"Ubao wa langoni unasemaje, Bwana Kusakabe?"

"Siku elfu mbili mia tisa themanini na mbili bila tukio."

"Bado kumi na nane zitimie elfu tatu. Mapipa ya pombe ya mchele yameshaagizwa. Meya amekubali kuja kupasua mfuniko wa pipa kwa nyundo, kama desturi ya sherehe. Nimpigie simu nimwambie nini? Arudishe nyundo?"

Tokunaga, hodari wa kuuma na kupuliza, akalainisha sauti.

"Mzee wangu, mimi nakuonea huruma wewe. Machi hiyo hapo. Unataka vijana waseme Kusakabe alikuwa akilipigia bomba kelele?"

"Lakini wakarabati wale wale wanaingia kinu cha pili wiki ijayo. Wasipojua walikosea wapi..."

"Nitawanong'oneza."

"Utawanong'oneza nini, Mkuu, kama hakuna kilichotokea?"

"Ah! Funika kombe mwanaharamu apite. Chukua kadi ya nusura, andika: Nikikagua taa, nusura niteleze ngazini. Nilipokuwa pale nilihakikisha valvu arobaini na moja iko wazi."

"Sikuteleza."

"Ulitetemeka?"

"Nilitetemeka."

"Anayetetemeka ngazini nusura ateleze. Andika."

Ndiyo ufundi wa watu wa aina hiyo: ukilichukua neno mojamoja ni kweli, ukiisoma habari nzima ni uongo mtupu. Na Kusakabe aliandika, akagonga na muhuri. Msimtafutie udhuru, hakushikiwa mkono.

Jioni Fumiyo alimwekea samaki wa kuchoma na supu. Samaki akapoa.

"Baba Kaede, mbona huli? Nimezidisha chumvi?"

Akamweleza, akiitazama supu. Fumiyo alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hati itakuja?"

"Itakuja."

"Waambie wabaki nayo. Mama yako namrudisha ukutani, simtoi kwa ajili ya karatasi ya uongo. Na hao mafundi wakisahau tena, nani anaishi kilomita nne kutoka hapo? Meya? Mficha maradhi kifo humuumbua, na hiki kitatuumbua sote."

"Nitachekwa, Fumiyo. Miaka yote hii."

"Chekwa! Kwani wewe nani usichekwe?"

Hakulala vizuri, na wala hakustahili.

Ofisi ya mkaguzi wa serikali ilikuwa humo humo kinuni, jirani na kantini, mlango wazi na kibao cha KARIBUNI. Mabango yaliwahimiza watu waseme ukweli, na njia ya kuufikia mlango huo ilikuwa hatua thelathini, lakini katika miaka mitatu hakuna aliyeingia ila kutafuta fotokopi. Asubuhi ile mkaguzi Orihara, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, alikuwa akila tonge la wali lililofungwa kwa mwani.

"Fotokopi mlango wa pili," alisema bila kuinua kichwa.

"Sikufuata fotokopi."

Kusakabe alisimulia kwa kusimama, kofia mkononi, hadi ile kadi. Orihara aliliweka tonge pembeni, akavuta karatasi.

"Nani aliigundua?"

"Mimi."

"Na aliyegonga muhuri kwamba iko wazi?"

"Mimi. Mara kumi na nne."

Orihara aliandika, akaitua kalamu.

"Mzee, nitakuuliza jambo, usinikasirikie. Ukiwa sakafuni, kile kibao kinaonekana?"

"Hakionekani. Bomba linakiziba."

"Hilo bomba limewekwa lini?"

"Lipo tangu kinu kijengwe."

"Sasa kabla ya hizi siku kumi na tisa, ulikuwa ukijuaje kwamba iko wazi?"

Kusakabe alikuja kukiri siku kumi na nne, amezihesabu njiani, na aibu yake ameikata kwa kipimo hicho. Sasa alizihesabu asubuhi zote alizosimama pale na wageni wakampigia makofi, asipate hata moja aliyoiona valvu ile kwa macho yake. Akavuta kiti bila kukaribishwa, akakaa.

"Andika sijui," alisema.

"Niandike hujui kuanzia lini?"

"Kuanzia siku ya kwanza."