Dagaa wa Fahali

Harufu ya dagaa wakavu hunikamata popote, hata nikiwa nimejipamba nakwenda harusini, na uso hunipata joto. Watoto wangu hudhani nachukia samaki. Sichukii. Harufu ile hunirudisha Hail, pwani ya Waarabu, kwenye shamba la mitende la ami yangu, binamu wa baba, aliyetupa kibanda cha makuti tulipotoka Unguja mikono mitupu. Nilikuwa na miaka tisa. Joto lilikuwa limeanza kuvunjika, tende za mwisho zimeshashindiliwa makandani zinachuruza asali taratibu, na asubuhi tuliamka na kibaridi, tukamzunguka mama jikoni kuchovya mkate katika asali hiyo. Nje gurudumu la kisima lilikuwa likilia tangu alfajiri. Fahali alishuka mteremko akivuta kamba, kiriba cha ngozi kikapanda kimejaa, maji yakamwagika mferejini. Mimi na mdogo wangu tulitia miguu humo mpaka vidole vikakunjamana. Sikuona kama tumepungukiwa na kitu.

Fahali alikabidhiwa baba. Unguja alikuwa karani, mtu wa kalamu na kanzu ya pasi, na mnyama pekee aliyemjua vizuri ni paka. Lakini mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na baba mwenyewe ndiye aliyeomba kazi, asije akaambiwa analishwa bure. Ulikuwa wakati wa kupanda vitunguu na majani ya mifugo. Maji yakikosekana, mbegu zinakufa, na jina la baba linakufa pamoja nazo.

Kila Ijumaa mtu mwenye punda alituwekea kikapu cha dagaa wakavu mlangoni, akatoa salamu, akaenda zake. Kwetu Unguja, samaki akiwekwa mlangoni pako umeletewa wewe, unashukuru ukapika. Mama aliwakaanga kwa vitunguu na ndimu kavu, siku nyingine akawaunga kwa pilipili, nasi tukilamba vidole tukimwombea dua ami. Kumbe pwani ile ng'ombe hula dagaa. Kila mtu pale alilijua hilo tangu kuzaliwa, na ndiyo maana hakuna aliyefikiri kutuambia. Usilolijua ni usiku wa giza.

Fahali akaanza kukonda. Mbavu zikatokeza, gurudumu likawa linalia kwa kusitasita, na matuta ya mwisho wa shamba yakakauka. Baba alimwongezea majani, hata Yasini alimsomea. Ami akapata habari, akaja adhuhuri moja kumtazama mnyama wake. Kwa kumheshimu, mama alipika wali sinia zima na dagaa wa kuunga juu yake, akawapamba kwa vipande vya ndimu. Alijivunia sana sinia lile.

Mimi nilisimama na birika la kunawia. Ami alikula matonge mawili matatu, kisha akauliza kwa Kiarabu, kwa upole:

"Ndugu yangu, fahali humpi dagaa wake?"

"Dagaa gani?"

"Wa kikapu. Wanaoletwa Ijumaa."

Baba akatazama sinia. Ami naye akayafuata macho yake. Pale nilitamani ardhi ipasuke initie ndani, na birika langu pia. Ami hakucheka. Alimega tonge jingine, akachota na dagaa, akala. "Mashallah," akasema, "mpishi wenu ana mkono mtamu." Akala mpaka akashiba. Baba aliniashiria nimnawishe, na nyuma ya mkeka uliotenga chumba mama alikuwa amesikia yote.

"Bora angetucheka," mama alisema ami alipoondoka. "Nnaona haya hata kwa yule mnyama."

Baba alichukua dagaa waliobaki kikapuni, akampelekea fahali, akachutama mbele yake mpaka akamaliza kula. Ijumaa iliyofuata vikaja vikapu viwili, kimoja cha fahali, kingine kina mchele na nguru wa chumvi. Fahali akanenepa, vitunguu vikaota. Wema ule ulitulemea kuliko tusi.

Leo Hail ni majumba na barabara, na kisima kimeshafukiwa. Ndugu zangu wana vyeo serikalini. Kila Idi kisa hiki husimuliwa, wajukuu wakacheka mpaka wakatokwa na machozi, nami nikacheka pamoja nao. Wao hawakumwona baba baada ya siku ile. Hakuweza tena kutia kitu kinywani kabla ya kuuliza. Aliuliza kwa jamaa, aliuliza harusini, kwa sauti ya chini asimuudhi mtu. Mwaka wa mwisho wa uhai wake alikuwa Mabela, si mbali na Hail, katika nyumba aliyoijenga kwa mshahara wake mwenyewe. Nilimpelekea chakula nilichompikia kwa mkono wangu. Alishika kijiko, akanitazama.

"Hiki chetu, mwanangu?"

"Chetu, baba."

Akangoja kidogo, kama mtu asiyesadiki, ndipo akala.