Biblia ya kanisa ilikatwa vipande, sisi tukapewa Ayubu asiye na mwisho

Wakuu, heshima kwenu: walokole, wapagani, na ninyi mnaopita humu kimyakimya mkidhani hatuwaoni.

Ninayoandika yalitokea nyumbani kwetu Igurwa, Karagwe, miaka michache baada ya vita vya Kagera. Sijaongeza chumvi. Miaka ile hata chumvi yenyewe ilikuwa haipatikani.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nikarudi nyumbani kusubiri Wizara inipangie kazi. Wizara haikuwa na haraka. Kwa hiyo nikawa nakaa kwenye kibanja cha baba, yaani nyumbani katikati ya migomba, namenya ndizi kwa digrii.

Niwaambie mapema tabia yangu: nawaza sana. Mtu akiitikia salamu yangu kwa sauti ya chini, nashinda najiuliza nimemkosea nini. Mbwa akinipita bila kubweka, najiuliza kama ameniona sina maana. Chuo hakikunitibu ugonjwa huo. Kiliupa msamiati tu.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe.

Kanisa letu la mtaa, la Kilutheri, lilikuwa na Biblia moja kubwa ya Kiswahili. Majumbani watu walikuwa na Agano Jipya la Kihaya, basi. Agano la Kale ulilisikia Jumapili.

Masika moja bati likavuja palepale juu ya meza. Biblia ikalowa, gundi ikaachia, ikawa ukifungua Kutoka, Danieli anadondoka sakafuni.

Kiongozi mwingine angeomba msaada makao makuu ya kanisa. Mwinjilisti wetu, Filemoni, akachukua kisu.

Aliikata vipande, kila kipande akakishona kwa uzi wa magunia ya kahawa na kukiwekea jalada la mfuko wa saruji. Kila nyumba ikapewa kipande kimoja. Sharti lake: mkisome hadi muweze kukisimulia kanisani bila kuangalia, ndipo mbadilishane na nyumba nyingine. Kabla ya hapo kipande hakitoki ndani.

Mimi msomi nikamfuata na hoja. Nikamweleza kwamba, kitaaluma, andiko husomwa ndani ya muktadha wake mzima.

Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu kabisa. Kisha akanikabidhi kipande chetu.

"Muktadha uko kwa majirani, mwanangu. Uende ukautembelee."

Tukawa tumepewa Ayubu.

Hapa lazima niwaeleze kuhusu baba.

Kaka yangu mkubwa, Erasto, alikwenda vitani hakurudi. Mwili hatukuletewa. Tuliletewa rambirambi. Matanga yakawekwa, watu wakaja wakalia, na walipoondoka baba akaacha kusali.

Hakugombana na mtu, wala hakutangaza. Jumapili mama anajifunga kanga yake anakwenda kanisani, baba anachukua panga anaingia kwenye migomba. Mama akiombea chakula, baba anaangalia pembeni, kama mtu anayesubiri wageni wamalize mazungumzo yao.

Wakati baba anakataa hata kulitaja jina la Mungu, mimi nimeshikilia kitabu cha mtu aliyefiwa na watoto wote siku moja.

Nikaanza kuwaza. Nikisoma mbele yake, si namchokoza? Nikiacha, si atajua nimeacha kwa sababu yake? Nikisoma kwa sauti ya chini, je, haitakuwa mbaya zaidi? Mawazo hayo nilimpelekea mama jikoni, yote, kwa mpangilio.

Mama akasema, "Soma. Maharage yanaungua mimi nakusikiliza wewe."

Nikasoma. Nilikuwa nasoma Kiswahili, kisha naeleza kwa Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani.

Ayubu alipofiwa, baba aliacha kunoa panga. Ayubu alipoanza kuilaani siku aliyozaliwa, baba akasogeza kigoda chake karibu.

"Hayo yameandikwa humo?"

"Yameandikwa, Tata," nikamjibu baba.

"Na hawajayafuta?"

"Hawajayafuta."

"Endelea."

Toka siku hiyo ikawa kila jioni. Ndizi zikiwa motoni, baba anakuja mwenyewe, anakaa, ananiangalia kana kwamba mimi ndiye niliyechelewesha basi. Mama alikuwa anaogopa hata kukohoa.

Sijui kama mmewasoma wale marafiki watatu wa Ayubu. Walianza vizuri sana, walikaa naye chini kimya. Wangeishia hapo wangekuwa watakatifu. Lakini wakafungua midomo. Kila mmoja anajua sababu ya msiba wa mwenzake: umetenda dhambi, watoto wako walitenda dhambi, tubu upesi. Humu jukwaani wangekuwa na wafuasi wengi mno.

Baba aliwachukia kwa majina. Asubuhi ukipita shambani utamsikia peke yake kati ya migomba, anamjibu Bildadi, mmoja wao.

Kisha anatokea wa nne, kijana, anaitwa Elihu. Hakuna aliyemwomba maoni. Ila ana elimu, na anasema maneno yamemjaa tumboni hadi anakaribia kupasuka. Mimi nilimpenda sana. Niliona hatimaye amepatikana mtu mwenye hoja.

Baba akaniangalia, akamwangalia mama, wakaangua kicheko.

Mimi sikuona cha kuchekesha. Lakini baba hakuwa amecheka tangu habari ya Erasto, kwa hiyo niliendelea kusoma huku nimenuna.

Sasa Elihu anahubiri, mbingu zimeanza kunguruma, na unaona wazi kwamba Mungu mwenyewe anakuja kujibu. Nikafunua ukurasa.

Jalada la mfuko wa saruji.

"Endelea," baba akasema.

"Tata, kimeishia hapa."

"Mungu alimjibu nini?"

Wakuu, nilikuwa na digrii na kipaimara, na sikujua. Nilichokumbuka ni mwisho kabisa tu, kwamba Ayubu alirudishiwa mifugo maradufu na akazaa watoto wengine. Nikafungua mdomo niseme. Mama, nyuma ya baba, akatikisa kichwa.

Watoto wengine. Hebu mwambie hivyo mtu anayemtaka yuleyule.

"Basi hakumjibu," baba akasema. Akainuka.

Jioni iliyofuata hakuja. Na iliyofuata. Mama akaombea chakula, baba akaangalia pembeni. Nikajua kwamba nisipoupata mwisho wa kitabu kile, baba amefunga mlango na safari hii hafungui tena. Na nikiupata ukawa mbaya, ndiyo kabisa. Mnaona jinsi ninavyojiliwaza.

Nikaenda kwa mchungaji, usharika wa mbali, kwa miguu. Mchungaji amesafiri, na Biblia amekwenda nayo, kama wachungaji wafanyavyo. Nikarudi kwa Filemoni kuuliza nani ana kipande kinachofuata.

"Gasana," akasema.

Gasana ni jirani yetu. Familia yake ilitoka Rwanda kabla sijazaliwa, ni wafugaji, tunasali kanisa moja. Kabla ya vita ng'ombe wake aliingia kwenye kibanja chetu akala machipukizi ya migomba. Baba akasimama njiani, watu wanasikia, akamwambia asikanyage kwetu tena, hata siku tutakayofiwa.

Kisha tukafiwa.

Kijiji kizima kilikuja kulia kwetu, isipokuwa nyumba ya Gasana. Kuanzia hapo halikuwa tena suala la ng'ombe.

Nilimuuliza Filemoni kama alikata pale makusudi. Akasema alikata palipokuwa pameachia. Jibu hilo nimelichambua hadi leo, sijalimaliza.

Nilimkuta Gasana anakamua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bwana Digrii. Ng'ombe wangu amekula nini tena?"

Nikamweleza. Mkono ukaacha kukamua.

"Baba yako ndiye anataka kusikia?"

"Ndiye."

Ng'ombe akageuka kumwangalia, ndipo Gasana akasema, "Kipande hakitoki ndani, hilo ni sharti la kanisa. Lakini yeye mimi sijawahi kumkataza kuja."

Njiani nilitunga hotuba ndefu ya kumshawishi baba. Ilikuwa na utangulizi. Nilipofika hata salamu hatujamaliza akauliza, "Kiko kwa nani?" Nikamtajia. Akaingia ndani, akatoka amevaa koti.

Kwa Gasana alikaa karibu na mlango. Alipewa maziwa, akayaweka chini bila kuyagusa. Nikasoma.

Wakuu, kama hamjasoma sehemu ile, Mungu anatokea katika dhoruba, na badala ya kujibu, anauliza. Ulikuwa wapi nilipoweka misingi ya dunia? Nani anamletea kunguru chakula? Unajua mbuzi wa mwituni wanazaa lini? Kisha anaeleza habari za mbuni anayesahau mayai yake. Kisha farasi. Kisha mnyama mkubwa wa mtoni, kwa kirefu.

Nilisoma huku jasho linanitoka. Mtu amezika watoto, anaelezwa tabia za mbuni! Nikafikiria kuruka kurasa. Nikafikiria kuzimia. Mke wa Gasana alikuwa ananiangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeyaandika.

Nikamaliza maneno ya Mungu, ya watoto wengine nikayaacha.

"Hakumjibu," baba akasema.

"Tata, kitaaluma..."

"Nyamaza. Hakumjibu." Akakiangalia kipande mikononi mwangu. "Lakini alikuja."

Kisha akamgeukia Gasana.

"Umesikia? Ayubu amemlalamikia kurasa zote zile, amemwita hakimu asiye na haki, na bado alikuja. Wewe nilikutukana mara moja."

"Ulisema nisije hata ukifiwa," Gasana akasema taratibu.

"Nilisema! Na wewe ukanisikiliza?"

Baba akainuka, akatoka bila kuaga. Mimi nikamfuata nyuma, nikihesabu moyoni jinsi nilivyofanikiwa kuharibu imani, ujirani, na kikombe cha maziwa.

Asubuhi, mama anachambua maharage uani, tukasikia kilio kutoka njiani.

Kilikuwa kilio cha mtu aliyepata habari sasa hivi. Alikuwa Gasana, mikono kichwani, na mkewe nyuma amejifunga kanga kiunoni, wanaliita jina la Erasto. "Erasto, mwana wa jirani yangu! Erasto!" Wakaingia uani, wakakaa chini.

Mama akaangusha ungo, akaitikia kilio.

Majirani wakaja mbio, wengine na majembe mkononi. "Nani amefariki? Nani?"

"Erasto," mama akasema.

Mmoja akaanza kusema kwamba Erasto alishaliliwa miaka ile. Akamwona Gasana pale chini, akanyamaza. Akaliweka jembe, akakaa, naye akalia.

Baba akatokea kwenye migomba. Wakati wa matanga yale ya kwanza hakutoa chozi, alikuwa anagawa kuni na kupokea wageni. Safari hii Gasana alimshika mkono, na panga likamtoka baba likaanguka, na nikamsikia baba yangu analia kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Alilia hadi jua likawa kali. Gasana hakumwambia neno hata moja. Hakumwambia ajikaze, hakumwambia ni mapenzi ya nani. Alimshika tu.

Jumapili baba alikwenda kanisani. Hakuimba, na hakufumba macho. Alikaa.

Nilichojifunza, kwa faida yenu na ya wanaopenda hitimisho: nilikuwa nasoma Biblia kama mtu anayejiandaa kwa mtihani, natafuta majibu niyakariri, nitulie. Sikutulia. Kilichonilisha ni kusoma kwa sauti, polepole, mbele ya mtu mwenye swali la kweli, na kubaki naye pale kitabu kilipokatika. Maswali yangu kuhusu mateso bado ninayo yote, nimeyapanga vizuri tu. Siku hizi nasali nayo.

Aliyewahi kukwama kwenye kitabu kimoja cha Biblia hadi kikambadilisha, tuambie ni kipi na ilikuwaje. Wasioamini pia mseme, baba aliwapenda watu wa kulalamika.

Ila wataalamu mnaotaka kunieleza sababu ya Erasto kufa, nawaomba mpite tu. Wale watatu walishanieleza.

Wengine karibuni. Hata kama huna la kusema, kaa.