Kikombe Ulichokisukuma

Nakumbuka siku koo langu lilipokauka mpaka nikashindwa kumeza mate, na maji yalikuwapo. Imenirudia leo, mwanangu, kwa kuwa nimekuona ukisukuma kikombe cha chai eti una safari ya basi kwenda Mbulu. Nimechoka, lakini hili silinyamazii.

Nilikuwa na mtoto wa tatu, mchanga. Kwetu mzazi hukaa ndani miezi, apumzike, alishwe. Mimi nikajiona mjanja. Lori la shamba la ngano la serikali lilikuwa likipita huku Hanang kuchukua vibarua; nikamwacha mama mkwe akiongea, nikapanda. Tukajaza magunia, tukayainua. Haikupita muda, nikikohoa, mkojo. Nikicheka, mkojo. Ee Mungu wangu! Nikaacha kucheka. Nikaacha na kunywa maji, nikidhani nimepata dawa. Kumbe mkojo ulizidi kuwa mkali, na haja ikawa inanibana kila mara.

Siku hiyo ya koo kavu jua lilikuwa kali, nikaanguka katikati ya ngano. Wenzangu wakanirudisha nyumbani. Mama mkwe aliponivua, akaviona vitambaa nilivyojifunga. Nilitamani ardhi inimeze.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu nianze kwenda shambani, mama."

"Mjinga wewe! Mficha maradhi kifo humuumbua. Nani alikwambia kiu ni dawa?" Halafu akakaa kitako, akaanza kulia. "Na mimi ni mjinga mwenzako. Unadhani kwa nini siendi harusini?"

Miaka yote ile nilimsema mama yule kuwa ana maringo, hakai na watu. Kumbe aliogopa kunuka.

Tukaenda zahanati wote wawili. Nesi hakushtuka hata kidogo. Akanifundisha kukaza misuli ya chini, kama mtu anayezuia mkojo na upepo, kisha kuilegeza, mara kadhaa kila siku. Ilichukua miezi, tena ya kuchosha, lakini nikaanza kucheka tena. Mama mkwe yeye kizazi kilikuwa kimeshuka. Hospitali walimsaidia, akapata nafuu, ila harusi za wanawe wote zilikuwa zimeshapita. Hilo linaniuma mpaka leo.

Basi sikia, mwanangu. Ukizaa, kaa ndani upumzike. Magunia hayaishi duniani. Usijinyime maji. Kama unavuja, na kikombe hicho kimeniambia, mwambie nesi, mwambie mama yako, niambie hata mimi mzee huyu. Si laana wala si uchafu, ni ugonjwa, na una msaada wake. Nimechoka kuona wanawake wakizeeka nao kimya kimya.

Mungu akupe mwili wenye nguvu na ulimi usioona haya mbele ya nesi. Haya, vuta kikombe chako, unywe. Ukirudi kutoka Mbulu tutakwenda zahanati pamoja, na tukifika mimi ndiye nitakayeanza kusema yangu, ili nawe usione haya kusema yako.