Pete ndani ya Kolkanoni ya Bartley

Bartley Feerick alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili alipopika kwa mara ya kwanza maishani mwake, na hakuanza na yai kama watu wengine. Alianza na kolkanoni, kile chakula cha Kiayalandi cha viazi vilivyopondwa na kabichi.

Kabla ya hapo hakuwa na haja. Mama yake, Bi Honor, alimpikia tangu alipoachishwa ziwa mpaka mvi zikamtoka. Alimfulia, akamchagulia hata soksi. Na zaidi ya yote alimwamulia jambo la Concepta Mulvey, karani wa posta ya Drumcarra, huko Leitrim, Ayalandi. Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumapili baada ya misa, Bartley alimsindikiza Concepta kwa miguu mpaka darajani. Njiani walizungumzia mvua, ng'ombe, na nani kafa wiki hiyo. Wakifika darajani Bartley aligusa kofia, Concepta akakata kushoto, yeye akakata kulia. Kijiji kizima kiliwahesabu kuwa wachumba. Wao wenyewe ndio hawakuwahi kulitaja neno hilo.

"Nikifa utaoa," Bi Honor alikuwa akisema. "Sina siku nyingi, mwanangu. Ningoje kidogo."

Alianza kusema hivyo akiwa na miaka sabini na miwili. Alifariki Machi ya mwaka 1974, akiwa na tisini na mmoja, mara tu baada ya kumaliza sahani nzima ya nyama na kulalamika kwamba haikuiva.

Mazishi yakapita. Majira ya joto yakapita. Kila Jumapili Bartley alifika darajani na swali lake mdomoni kama mtu aliyeuma kaa la moto, akagusa kofia, akarudi nalo nyumbani. Si kwamba alikuwa bubu. Mnadani aliweza kubishania ndama mmoja kutwa nzima na sauti isimkauke. Lakini mbele ya Concepta ulimi ulijikunja kama kiwavi.

Ilipofika Oktoba akapata akili. Mama yake, kama majirani wote, kila mkesha wa Watakatifu Wote alikuwa akificha pete ndani ya kolkanoni. Atakayeikuta kwenye sahani yake, basi harusi yake haipiti mwaka. Ulikuwa mchezo tu, watu wakicheka na kutaniana. Bartley akawaza: kumbe pete inaweza kumsemea! Atamwalika Concepta, atamfichia pete ya marehemu mama kwenye sahani yake, ataiona, na jambo litakwisha bila mtu kufungua mdomo ila kwa kula.

Akaenda posta, akanunua stempu asiyoihitaji.

"Alhamisi ya mkesha unakula wapi?" akauliza, macho yakiwa kwenye stempu.

"Kwangu, kama siku zote."

"Njoo kwangu ukishafunga posta. Nitapika kolkanoni."

Concepta akaacha kugonga mihuri. "Atapika nani?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi Bartley."

"Najua wewe ni Bartley. Ndiyo maana nauliza."

Lakini alikubali kuja, na Bartley akatoka pale akaisahau stempu.

Jumanne alifanya majaribio. Alichemsha viazi, kisha akakumbuka ile mashine ya umeme ya kukorogea keki ambayo dada yake alimletea mama yao kutoka Chicago na mama hakuitaka hata kuiona. Kolkanoni inatakiwa iwe laini, na mashine si ndiyo italainisha zaidi? Akaiwasha kasi ya mwisho. Viazi vikaanza kuvutika, vikang'aa, vikapanda mpaka kwenye mpini. Alipochomeka mwiko, ukasimama wenyewe. Alipojaribu kuuchomoa, sufuria nayo ikainuka. Mbwa alinusa, akamtazama Bartley kwa huruma, akaenda kulala zizini.

Wakati huo akaingia jirani yake, Malachy Tansey, mzee mgane aliyeishi ng'ambo ya ua na asiyejua kubisha hodi.

"Unajenga?" Malachy akauliza.

"Napika."

"Hii? Hii gundi, bwana. Nani kakwambia viazi vinatiwa mashine? Viazi ukivitesa vinalipiza kisasi." Akavuta kiti, akakaa kama mwalimu. "Sikiliza. Chemsha na maganda yake. Mwaga maji, funika kwa kitambaa mvuke ukauke. Menya vingali vya moto, ukiungua ungua tu. Ponda kwa mkono, taratibu. Maziwa uyachemshe na vitunguu vya majani, na uyamimine ya moto. Ya baridi yanaharibu kila kitu. Marehemu mke wangu alikuwa akipika hivyo, Mungu amrehemu, na mimi nilikuwa nakaa hapohapo namwangalia."

"Na hukuwahi kumsaidia?"

"Nilikuwa naangalia kwa makini." Malachy akakodoa macho. "Kwani kuna mgeni?"

"Hakuna."

"Basi kama hakuna mgeni, Alhamisi nitakuja tule wote."

Malachy alipoondoka, Bartley akaichukua ile gundi na kubandikia karatasi za ukutani zilizokuwa zinabanduka ukumbini. Zilishika barabara.

Alhamisi alianza mapema. Alivichemsha viazi na maganda yake, akavikausha chini ya kitambaa, akavimenya huku akivirusha mkono hadi mkono na kupuliza vidole. Akavitwanga kwa mtwangio wa mbao wa mama yake, taratibu, mpaka pasibaki donge. Kabichi aliikata nyembamba kama nyuzi, akaichemsha kwa chumvi, akaikamua maji yote. Maziwa yalipotokota na vitunguu, jiko zima likanukia jinsi lilivyonukia utotoni, na ilimbidi asimame kidogo na kujifuta macho kwa kiwiko, akijiambia ni vitunguu. Kisha akamimina, akakoroga, akatia siagi, akakoroga tena, mpaka viazi vikawa vyepesi kama sufi, vyeupe, vyenye michirizi ya kijani. Alionja. Akaonja tena kuhakikisha. Kilikuwa chakula cha watu.

Akapakua. Kwenye sahani ya Concepta aliweka kilima kikubwa, akachimba kisima katikati kwa ajili ya siagi, na pembeni akaizamisha pete iliyofungwa kwenye kipande cha karatasi ya siagi.

Concepta alifika na koti lake la buluu. Nyuma yake, nywele zimepakwa mafuta zikilala kama zimepigwa pasi, akaja Malachy.

"Hukuniambia kuna mgeni!" Malachy akafurahi.

Walikaa watatu. Bartley akamwekea Concepta sahani yake. Concepta akakitazama kile kilima.

"Bartley, hiki nitakila mpaka Krismasi. Mzee Malachy, chukua wewe, nipe hiyo ndogo."

"Hapana!" Bartley akapiga ukelele hadi vikombe vikalia kabatini.

Wote wawili wakamtumbulia macho. "Hapana nini?" Concepta akauliza.

"Hapana... hapana chumvi," Bartley akasema, akasukuma chumvi mezani huku jasho jembamba likimtoka.

Malachy alikuwa ameshaivuta ile sahani kubwa na kuanza. Huyu hakuwa mtu wa kutafuna. Alikuwa akipakia. Bartley alikihesabu kila kijiko kilivyopanda na kushuka, akinyoosha shingo kuchungulia. Kilima kikawa kichuguu, kichuguu kikawa sahani tupu, na sahani ikafutwa kwa kidole.

"Hujakuta kitu?" Bartley akauliza kwa sauti ya mgonjwa.

"Kitu kama nini?"

"Kitu. Kigumu."

"Ah, ndiyo, kishina cha kabichi. Hukukata vizuri, lakini sikutaka kukuaibisha. Nimekimeza."

Bartley akaweka uso viganjani.

"Bartley," Concepta akasema polepole, "Mzee Malachy kameza nini?"

"Pete."

"Pete ya nani?"

"Ya mama. Yaani yako. Ilikuwa iwe yako."

Malachy akaligusa tumbo lake kwa vidole viwili, kama anayejaribu maji ya kuoga. Concepta alimtazama Bartley, akamtazama Malachy, akatazama sahani. Mabega yakaanza kumtikisika. Bartley akadhani analia, akainuka kumpa kitambaa, kumbe mwanamke anacheka, anacheka mpaka anashika meza, mpaka machozi yanamdondoka kwenye kola ya koti la buluu.

"Miaka kumi na tisa," akasema alipopata pumzi. "Miaka kumi na tisa, na hatimaye pete imetoka, ikaingia kwa Malachy."

"Nisamehe, Concepta."

"Sikusamehe. Kaa chini. Sasa pete haipo, itabidi uulize kwa mdomo kama watu wengine."

"Mbele yake?"

"Yeye ndiye mwenye pete."

Bartley akajikaza kisabuni. Akaanza na mvua, Concepta akatikisa kichwa. Akajaribu ng'ombe, Concepta akatikisa kichwa. Mwisho likamponyoka lote kwa mkupuo: "Utaolewa na mimi au hutaki?"

"Kubali, mama," Malachy akanong'ona, "mimi nitaitoa tu."

"Nilikubali mwaka hamsini na tano," Concepta akasema. "Wewe ndiye hukuuliza."

Daktari wa mjini alisema hakuna hatari, wangoje tu, na mgonjwa ale uji kwa wingi. Malachy akadai kwamba mtu mwenye mali ya watu tumboni hawezi kuachwa peke yake, akahamia kwa Bartley siku tatu, akalishwa uji, sharubati ya matunda na kolkanoni iliyobaki. Jumapili asubuhi akatangaza habari njema.

Pete ilichemshwa mara tatu kwa magadi, ikang'aa kuliko zamani. Concepta hakutaka hata kuishika. "Mama yako alinizuia miaka yote alipokuwa hai," akasema. "Sitaivaa pete yake ikiwa imepita njia hiyo." Wakanunua nyingine mjini Sligo, wakafunga ndoa Februari kabla ya Kwaresima. Malachy alishika nafasi ya msimamizi wa bwana harusi, akimweleza kila mgeni kwamba hakuna mtu Leitrim nzima aliyewahi kubeba pete kwa uangalifu kama yeye.

Wiki ya kwanza ya ndoa, Concepta alikaa mezani asubuhi akimtazama mumewe, hajainuka.

"Kuna jambo sijakwambia," akasema. "Mimi sijui kupika. Chai na mkate tu. Mama yako nilikuwa namwogopa kwa sababu hiyo hiyo."

Bartley akavua koti, akalitundika, akatoa viazi kwenye gunia na kuanza kuviosha.