Nilikula Mbegu za Mwenye Nyumba

Jamani, nimekosa! Sitafuti pa kujificha wala sitaki mtu anitetee. Jina langu silitaji. Walio Songea watanitambua, na msionitambua yawatosheni yaliyonikuta.

Mimi ni Myao, binti wa Nalasi, upande wa Tunduru. Baba yangu ni mwalimu wa chuo, akanifundisha Kurani na kuandika, na tangu hapo nikajiona mjuzi wa mambo yote ya dunia. Ujuzi gani huo! Nilikuja Songea nikimfuata mume wangu, mpagazi wa boma. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha, lakini njaa ndiyo kwanza ilikuwa inaingia. Wadachi walikuwa wamechoma mashamba na maghala, na kilichosalia kwa watu, askari walikuwa wanakipokonya popote walipokiona.

Tulikuwa tunakaa katika vibanda vya wapagazi, kando ya ukuta wa boma. Kunguni, kelele, askari wakilewa wanaita wake za watu! Nilimsumbua mume wangu kila siku: nitafutie nyumba, nitafutie nyumba. Mwishowe akachoka, akaniambia nitafute mwenyewe maana ulimi ninao.

Nikasikia kuna mama wa Kingoni pale Mfaranyaki anataka kupangisha nyumba yake. Mama Nyoni, ndivyo walivyomwita. Mumewe alikwenda vitani na hakurudi. Chakula kilimwishia, akawa anataka kuwapeleka watoto wake wawili kwa kaka yake Umatengo, huko milimani ambako mihogo ilikuwa bado inapatikana. Angerudi mvua za kwanza, kulima. Kwa muda huo tungekaa sisi, naye angepata doti ya kaniki na chumvi ya kuchukua safarini.

Basi nikaenda kutazama nyumba. Loo, mngeniona siku hiyo! Nilivuta nyasi za paa nione kama zimeoza. Niligonga nguzo kusikiliza mchwa. Niliuliza kisima kiko wapi na kama kinakauka, moshi unatokea wapi, jirani ni watu wa namna gani, siafu wanapita au hawapiti. Nikauliza mtu wa akida akija kudai kodi ya nyumba, atamdai nani, mimi au yeye. Mama wa watu alijibu yote kwa upole. Nikamhoji kama shauri la bomani, naye kasimama na mtoto mgongoni, hajala tangu asubuhi.

Tulipokuwa tunatoka, aliweka mkono juu ya kinu. Kilikuwa kinu kikubwa, kimesimama ndani kwenye kona, kimechimbiwa kidogo chini.

Akaniambia, "Mwanangu, kinu hiki kisitoke hapa."

Nikasema haya, mama. Moyoni nikacheka. Nikajiambia hawa na mizimu yao! Maana niambieni, wanawake wenzangu, nani anatwangia ndani? Kinu hukaa uani, kila mtu anajua. Jambo liko wazi hivyo, nami mwenye maswali mengi sikuuliza kwa nini. Yeye akabaki amesimama, ananitazama, kama anayengoja neno. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupima kwa macho pa kutandika mkeka wangu.

Akaondoka na wanawe. Mume wangu naye akapewa mzigo wa kupeleka Lindi. Nikabaki peke yangu, na njaa ikaja kweli.

Nilikula majani, nikala mizizi ambayo hata jina lake silijui. Nilikuwa siwezi kutulia. Nakaa, nasimama, natoka nje, narudi, nafagia palipofagiliwa. Siku moja katika mahangaiko hayo kile kinu kikanichukiza. Kinanijazia nyumba, na cha kutwanga hamna! Nikakikumbatia, nikakiyumbisha, nikakivingirisha hadi uani.

Chini yake udongo ulikuwa laini. Nikafukua kwa mikono. Nikakuta mtungi, mdomo umezibwa kwa udongo mkavu. Ndani mlikuwa na ulezi upande mmoja, umefungwa katika kitambaa, na mahindi upande wa pili. Mahindi yamepakwa majivu.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Nisiseme sikujua. Mtoto yeyote wa mkulima anajua kwamba nafaka ya kula haipakwi majivu. Ile ilikuwa mbegu! Nilijua kwa kuitazama tu.

Nikaufukia. Nikarudisha kinu. Nikaenda kisimani, nikarudi, nikakitoa kinu tena. Nikachukua gao moja tu la mkono, nikasema nitarudisha. Kesho yake gao jingine. Njaa mwana malegeza, lakini msiisingizie njaa peke yake. Nilipoona mtungi umefika nusu, nikasema liwalo na liwe, ulezi wote nikampa askari mmoja, naye akanipa nguo nzuri ya maua. Nguo! Watu wanakufa, mimi najifunga maua.

Mume wangu aliporudi kutoka Lindi amekonda, nikampikia ugali. Akauliza umetoka wapi. Nikamwambia nimepewa bomani na mke wa askari. Akala, akamshukuru Mungu, akamwombea dua huyo mke wa askari asiyekuwapo. Nikaitikia amina.

Kuanzia hapo sikuwa na raha. Kila aliyepita njiani nilimdhani ni yeye. Wingu likitokea upande wa milima nakimbilia ndani. Watu wote wanaomba mvua, mimi peke yangu naomba isinyeshe! Nilifanya dhambi hiyo nayo, niandikieni.

Mvua ikanyesha. Mama Nyoni akaja na jembe begani na mtoto mmoja. Wa mgongoni alikuwa amemzika Umatengo. Akanisalimu vizuri, akauliza hali ya mume wangu, kisha akaingia ndani kwenda kwenye kona yake. Kinu kilikuwa mahali pake, nilikirudisha. Akakisukuma. Mtungi ulikuwa mtupu, na majivu kidogo chini.

Alikaa sakafuni. Hakupiga kelele. Angenipiga ningeshukuru.

Mimi ndiye niliyepayuka, eti kwa ukali, maana mwenye kosa hutangulia kugomba. Nikamwambia hakuniambia kuna nini. Ningejuaje? Kwa nini hakusema wazi?

Akasema, "Mumeo anakula chumvi ya boma. Ningekuambia vipi? Nilingoja uniulize, nikuone uso."

Nilikuwa nimejifunga ile nguo ya maua.

Mume wangu alikuwa mlangoni, kasikia yote. Kwa mara ya kwanza akajua alikula nini. Akanitazama, akasema, "Njia ya Lindi nimepita watu waliokufa na mbegu zimefungwa viunoni mwao. Hawakuzila. Wamekufa nazo, ili watoto wapande."

Akachukua mkeka wake, akarudi kwenye vibanda vya wapagazi. Talaka hajanipa mpaka leo. Lakini chakula cha mkono wangu hagusi.

Nilitoka nyumba ile siku hiyohiyo. Nikaivua ile nguo, nikaipeleka kwa askari aliyenipa, nikamwomba ulezi wangu. Akanicheka. Walishaufanya pombe zamani. Nikaona basi, nitakwenda kwetu. Nikatembea hadi Nalasi peke yangu, njia ya simba, na wakati ule simba walikuwa wamezoea kula watu. Baba alikuwa na mbegu kidogo za mahindi. Nilimweleza ukweli. Alilia, mzee wa watu, akanigawia. Akaniambia nisipumzike, nigeuze kesho yake.

Nilikimbia. Miguu ilivimba, mito ilijaa, nikangoja maji yapungue huku nimekumbatia kile kifurushi kama mtoto. Njiani nilitamani kuzila, nisiwadanganye. Safari hii sikuzila.

Nilipofika Mfaranyaki mahindi ya wachache waliopata mbegu yalikuwa yamepita magoti. La Mama Nyoni lilikuwa limelimwa vizuri, matuta yamenyooka, na hakuna kitu juu yake ila magugu. Alikuwa amelilima lote kabla ya kuja kufungua mtungi? La. Alilima baada ya kuukuta mtupu. Majirani waliniambia alilima tu, kila siku, hana cha kupanda.

Nikapiga magoti mlangoni, nikampa kifurushi kwa mikono miwili. Akakifungua. Akachukua punje moja, akaigeuzageuza.

Akaniambia, "Mvua zimekwenda mbele, mwanangu, wakati wa kupanda umepita. Hizi sasa ni chakula. Ingia tupike, mtoto ana njaa."

Na mimi nikaingia, nikazitwanga mbegu za baba yangu katika kinu kile, mtoto ananitazama. Tukala watu watatu. Mtoto aliishi mpaka katikati ya kiangazi. Sitaki kueleza zaidi.

Sasa nahama kibanda hadi kibanda. Sikai mahali nikazoea. Majirani nikienda kuomba moto wananiambia umezimika, na moshi ninauona. Wana haki yao.

Ndiyo maana nawaandikia, hasa nyinyi mnaofuata kazi za boma na kupanga nyumba za watu waliopigwa na vita. Mkienda kutazama nyumba, paa litazameni, kisima kiulizeni, sikatazi. Lakini mwambieni mwenyewe akutembezeni kila kona, akuonyesheni kipi ni chenu kutumia na kipi anakiacha hadi arudi, na kwa nini. Kuuliza si ujinga. Mkiona kitu kimewekwa mahali pasipo pake, ulizeni. Na mwenye nyumba akisita kujibu, msimpite kama nilivyompita mimi. Kaeni chini, mkae naye, mumuulize tena kwa upole, kwa sababu huenda anawaogopa nyinyi.